Hataza, dawa na maisha ya mgonjwa: kutoka Ghubra hadi Nairobi

Ghubra ni mtaa mkubwa wa jiji la Muscat, uliogawanywa na barabara ya Sultan Qaboos. Upande mmoja ni Ghubra ya Kaskazini, inayoshuka hadi baharini. Upande wa pili ni Ghubra ya Kusini, inayotazama milima. Humo mna Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos na Hospitali ya Kifalme, na ni miongoni mwa mitaa ya Muscat ambamo Kiswahili husikika majumbani na madukani bila ya mtu kugeuka kushangaa.

Wengi wa wanaokizungumza ni wa familia zilizotoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, zilizohamia Oman baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Jamaa zao wengine walibaki ng'ambo. Mtu anaposafiri kwenda Unguja au Mombasa, pamoja na halua na ubani, aghalabu sandukuni mwake hamkosi dawa alizoagizwa: za shinikizo la damu, za kisukari, za pumu. Na anaporudi, pengine huja na nyingine, kwa kuwa ameziona kule ni rahisi zaidi.

Hapo ndipo swali linapozuka. Inakuwaje dawa yenye kiini kilekile na nguvu ileile iwe na majina matatu na bei tatu? Na kwa nini nchi moja iruhusu iuzwe na nyingine ikatae?

Usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji vina sehemu yao katika jibu. Sehemu nyingine imo katika sheria za miliki ubunifu, yaani sheria zinazolinda kazi ya akili ya mtu, na katika mvutano wa siku nyingi baina ya haki ya mvumbuzi na maslahi ya umma. Mvutano huo umejadiliwa Doha, umeamuliwa na mahakama mjini Nairobi, na Oman yenyewe iliutilia saini mkataba mjini Washington.

Mapatano baina ya mvumbuzi na umma

Hataza ni haki itolewayo na serikali, inayompa mvumbuzi peke yake ruhusa ya kutengeneza na kuuza kitu alichokivumbua kwa muda maalumu. Kwa malipo ya haki hiyo, yeye hulazimika kueleza hadharani, katika maombi yake, jinsi kitu hicho kinavyotengenezwa. Muda ukiisha, yeyote mwenye kiwanda anaweza kukitengeneza. Kwa hiyo hataza, kwa asili yake, ni mapatano yenye pande mbili, na umma ni mmoja wa wahusika wake.

Dawa inayotengenezwa na kiwanda kingine kwa kiini kilekile, ikauzwa kwa jina la kitabibu badala ya jina la kibiashara la mvumbuzi, huitwa dawa ya jeneriki. Si dawa bandia. Hupimwa na kusajiliwa na mamlaka za dawa kama dawa nyingine, ila tu haibebi gharama za utafiti wa awali.

Kampuni zinazovumbua dawa husema kuwa bila hataza hakuna atakayejitosa katika kazi inayochukua miaka mingi na fedha nyingi, na ambayo mara nyingi huishia patupu. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, dawa si redio. Aliyeshindwa kununua redio mwaka huu anaweza kungoja bei ishuke. Mgonjwa hana nafasi ya kungoja miaka ishirini.

Zamani kila nchi ilijiamulia. Sheria ya hataza ya India ya mwaka 1970, kwa mfano, ililinda njia ya kutengeneza dawa lakini si dawa yenyewe, na viwanda vya India vikakua kwa kutafuta njia mpya za kufikia dawa zilezile. Tarehe 1 Januari 1995 Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilipoanza kazi, mkataba wake uitwao TRIPS uliwataka wanachama wote watoe hataza kwa kila aina ya uvumbuzi, dawa zikiwemo, kwa muda usiopungua miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. India ilipewa hadi mwaka 2005 kutekeleza sharti hilo kikamilifu.

Bei iliyoporomoka

Tofauti iliyoletwa na muda huo wa India ilionekana waziwazi katika janga la Ukimwi. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya virusi ziligharimu baina ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001, kampuni ya Cipla ya Mumbai ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku.

Miezi miwili baadaye, Aprili 2001, kampuni 39 za dawa ziliiondoa kesi zilizokuwa zimeifungua mjini Pretoria dhidi ya serikali ya Afrika Kusini, kupinga sheria ya mwaka 1997 iliyokusudia kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Lawama za ulimwengu zilikuwa zimezidi.

Novemba 14 mwaka huohuo, mawaziri wa biashara waliokutana Doha, mji ulio umbali mfupi kwa ndege kutoka Muscat, walipitisha azimio kwamba mkataba wa TRIPS hauizuii, na haupaswi kuizuia, nchi kulinda afya ya watu wake. Azimio hilo halikubuni haki mpya. Lilithibitisha milango iliyokuwamo tayari ndani ya mkataba, na hasa miwili.

Mlango wa kwanza ni leseni ya lazima: serikali inaweza kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa bila idhini ya mwenye hataza, na mwenye hataza akalipwa fidia inayostahili. Wa pili ni uagizaji sambamba: dawa ambayo imekwisha kuuzwa kihalali katika nchi moja inaweza kununuliwa huko kwa bei nafuu na kuingizwa katika nchi nyingine, bila kumwomba mwenye hataza ruhusa mara ya pili.

Leseni ya lazima inamfaa nini mtu asiye na kiwanda? Swali hilo lilijibiwa Agosti 2003, WTO ilipokubali dawa itengenezwe kwa leseni katika nchi moja kwa ajili ya nyingine. Rwanda ndiyo iliyojaribu. Julai 2007 iliarifu kuwa inataka dawa za Ukimwi kutoka kampuni ya Apotex ya Canada. Shehena ya kwanza ikasafirishwa Septemba 2008 na ya pili mwaka 2009. Ndiyo safari pekee ya dawa ijulikanayo kukamilika kwa njia hiyo. Masharti ni mengi mno, na wauguzi wa Kigali hawakuajiriwa kujaza fomu za Geneva.

Maneno mawili katika sheria ya Kenya

Milango hiyo, hata hivyo, haijifungui yenyewe. Ni lazima kila nchi iiandike katika sheria zake, na hakuna mfano ulio wazi kuliko Kenya.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Miliki ya Viwanda mwaka 2001, baada ya kampeni ya wagonjwa, madaktari na mashirika ya kijamii. Kifungu cha 58 kiliruhusu uagizaji sambamba. Lakini mwaka 2002, kupitia sheria ya marekebisho ya mambo mbalimbali, ya aina ile ambayo wabunge wengi huipitisha bila kuisoma kwa makini, kikaongezwa kipande kifupi cha kutaka idhini ya mwenye hataza. Maneno machache tu, na mlango ulikuwa umefungwa. Baada ya makelele ya wanaharakati, maneno hayo yaliondolewa.

Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Nia yake haikuwa mbaya. Masoko ya Afrika Mashariki yalikuwa, na bado ni, na betri bandia, vipuri bandia na dawa bandia, na dawa bandia huua. Mwaka 2012, katika nchi jirani ya Tanzania, ilibidi dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi ziondolewe hospitalini baada ya kugunduliwa huko.

Taabu ilikuwa katika kifungu cha pili, kilichoeleza nini maana ya kughushi. Kilihesabu kuwa ni kughushi kutengeneza au kufungasha, bila idhini ya mwenye haki, kitu kinachofanana na bidhaa yenye kulindwa. Na haki hiyo ya miliki ubunifu iwe ipo Kenya "au kwingineko".

Msomaji na ayatazame vizuri maneno hayo mawili. Hataza hulinda katika nchi iliyoitoa tu. Dawa iliyo na hataza Ujerumani lakini haina hataza Kenya, ni halali kuitengeneza Kenya. Kwa kuongeza "au kwingineko", sheria ilifungua njia ya mtu kudai kuwa dawa ya jeneriki, nzima, iliyopimwa na kusajiliwa Nairobi, ni ya bandia kwa sababu ya hataza iliyoko bara jingine. Na adhabu ilikuwa pamoja na kifungo.

Mwezi Julai 2009, Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Walieleza kuwa wanaishi kwa dawa za jeneriki, na kwamba sheria hiyo ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, dawa zao zinaweza kuzuiliwa bandarini. Aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya afya, Anand Grover, aliiandikia mahakama kama rafiki wa mahakama. Mwezi Aprili 2010 mahakama ilitoa amri ya muda kusimamisha utekelezaji wa vifungu vilivyolalamikiwa kwa upande wa dawa za jeneriki.

Hofu ya walalamikaji haikuwa ya kufikirika. Desemba 2008, maafisa wa forodha wa Uholanzi walizuia katika uwanja wa ndege wa Schiphol shehena ya dawa ya shinikizo la damu iliyotoka India kwenda Brazil. Dawa hiyo haikuwa na hataza India wala Brazil; ilikuwa nayo Uholanzi, ambako ilikuwa ikipita njia tu. Mapema mwaka 2009 zikazuiliwa huko dawa za Ukimwi zilizokuwa zikienda Nigeria. India na Brazil zililipeleka suala hilo WTO mwezi Mei 2010.

Hukumu ya Nairobi ilisomwa na Jaji Mumbi Ngugi tarehe 20 Aprili 2012. Serikali ilikuwa imejitetea kuwa sheria haikukusudia dawa za jeneriki, na kwamba Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001 bado ingezilinda. Jaji hakuridhika. Aliona kuwa si halali kwa serikali kuweka kifungu chenye utata, kisha ikawaachia wenye hataza na maafisa wa forodha kukifasiri, ilhali jambo lenyewe ni dawa ambazo bila yake mgonjwa hufa. Alitamka kuwa vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyogusa upatikanaji wa dawa za jeneriki, vinahatarisha haki ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya zilizomo katika katiba ya mwaka 2010, na akaitaka serikali ikiangalie upya kifungu cha pili.

Kinachoipa hukumu hiyo uzito ni kwamba katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 40, inaiamuru serikali kulinda miliki ubunifu ya wananchi wa Kenya. Mahakama haikusema kuwa haki ya mvumbuzi ni upuuzi. Ilisema kuwa haki mbili zinapogongana, na mojawapo ni uhai, inajulikana ipi ipishe.

Miswada ya namna hiyo ilikuwa ikijadiliwa pia Uganda na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hukumu ya Nairobi ilisomwa kwa makini na waliokuwa wakiipinga.

Njia ya Oman

Oman haikupita mahakamani, ilipita mezani. Ilijiunga na WTO Novemba 2000. Tarehe 19 Januari 2006 ilitia saini na Marekani mkataba wa biashara huru, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Ili kujitayarisha, mwaka 2008 Sultan Qaboos alitoa amri za kifalme zilizoandika upya sheria hizi: namba 65 kuhusu hakimiliki na namba 67 kuhusu miliki ya viwanda.

Sura ya 15 ya mkataba huo inakwenda mbali kuliko TRIPS. Kwanza, serikali ikichelewa kupita kiasi kutoa hataza, muda wake huongezwa. Pili, matokeo ya majaribio yaliyowasilishwa na kampuni ya kwanza kuthibitisha kuwa dawa mpya ni salama hayawezi kutumiwa na mwingine kusajili dawa kama hiyo kwa muda usiopungua miaka mitano.

Sharti hili la pili halisemwi sana, na lastahili kuelezwa. Kiwanda cha jeneriki kwa kawaida hakirudii majaribio yote kwa wagonjwa. Huonyesha kuwa dawa yake inafanya kazi sawasawa na ile ya kwanza, na mamlaka hutegemea matokeo yaliyokwishajulikana. Kikizuiwa kuyategemea, hubaki nje hata kama dawa yenyewe haina hataza kabisa. Ni kufuli la pili juu ya mlango uleule.

Je, mkazi wa Ghubra analiona kufuli hilo? Inategemea yeye ni nani. Raia wa Oman hutibiwa katika hospitali za serikali karibu bure, na nchi za Ghuba zina mpango wa kununua dawa kwa pamoja tangu miaka ya 1970, unaozipa nguvu ya kupunguziwa bei. Gharama anaibeba mweka hazina, si mgonjwa. Lakini mfanyakazi mgeni, awe ametoka Kerala au Tanga, ambaye hununua dawa zake mwenyewe katika saidalia, kama duka la dawa liitwavyo huku, anayo sababu ya kutazama bei mara mbili. Na viwanda vya dawa vya Oman vyenyewe, vilivyoko Rusayl na Salalah, hutengeneza jeneriki. Miaka mitano ya kungoja ni yao pia.

Mkataba huohuo umegusa hata vitabu. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, hakimiliki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Oman sasa ni miaka 70. Mzee wa Ghubra anayeandika kumbukumbu zake za Unguja ya zamani anawaachia wajukuu ulinzi wa muda mrefu zaidi, na kwa sababu hiyohiyo shule itakayotaka kukichapa upya kitabu hicho bila ruhusa itangoja zaidi.

Na lile sanduku la msafiri? Kifungu cha 60 cha TRIPS kinaziruhusu nchi kutozihesabu bidhaa kidogo zisizo za biashara zilizomo katika mizigo ya msafiri. Kwa upande wa miliki ubunifu, basi, vidonge vya shangazi aghalabu havimtii mtu mashakani. Kanuni za dawa zenyewe ni jambo jingine, na msafiri hana budi kuchukua cheti cha daktari.

Msamaha wenye mwisho

Zipo nchi ambazo, kwa dawa, hazijabanwa na TRIPS bado. Ni zile zinazoorodheshwa na Umoja wa Mataifa kuwa ni maskini zaidi duniani: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwao, Kenya haimo. Zimesamehewa kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033.

Uganda iliandika msamaha huo katika sheria yake ya mwaka 2014. Kabla ya hapo, Oktoba 2007, kilikuwa kimefunguliwa kiwanda cha dawa huko Luzira, Kampala, kwa ushirikiano na Cipla wa wakati huo, kutengeneza dawa za Ukimwi na malaria ambazo kwingine zingehitaji idhini. Lakini si kila nchi imeutumia msamaha ilioupewa. Isitoshe, shirika la miliki ubunifu la kanda, ARIPO, lenye makao yake Harare, hutoa hataza zinazoweza kufanya kazi katika nchi kadhaa wanachama kwa mkupuo mmoja, hata katika zile ambazo hazikulazimika kuzitoa. Na nchi ikipanda daraja na kutoka katika orodha ya maskini, msamaha huondoka nao.

Wakati wa janga la Covid-19, India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 kwamba hataza na haki nyinginezo zisimamishwe kwa chanjo, dawa na vifaa vyote. Kenya iliunga mkono. Kilichopatikana Juni 2022 kilikuwa uamuzi wa chanjo pekee, wa miaka mitano, wakati ambapo haja kubwa ilikuwa imekwisha kupita.

Jaribio la sasa ni lenacapavir, dawa ya sindano inayochomwa mara mbili kwa mwaka ili kuzuia maambukizo ya virusi vya Ukimwi. Oktoba 2024 kampuni iliyoivumbua, Gilead ya Marekani, iliviruhusu viwanda sita vya jeneriki kuitengeneza kwa ajili ya nchi 120, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Septemba 2025 ilitangazwa kuwa jeneriki hizo zitauzwa kwa kiasi cha dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia mwaka 2027. Ni habari njema kwa Afrika Mashariki. Hata hivyo orodha ya nchi hizo 120 imeandikwa na mwenye hataza, na Brazil, ambayo watu wake walishiriki katika majaribio ya dawa hiyo, haimo.